Nani hasa alimsaliti Luanda Magere?

Tangu Raila Odinga afariki dunia nchini India tarehe 15 Oktoba 2025 na kuzikwa Bondo siku nne baadaye, hapana neno lililotumiwa, na kutumiwa vibaya, katika siasa za ukanda wa Ziwa kuliko neno usaliti. Wanaotaka chama chake kiendelee kushirikiana na serikali ya Rais William Ruto, kwa mujibu wa mapatano ya Machi 2025, huwaita wenzao wasaliti wa wosia wa marehemu. Wenzao nao hujibu kwamba msaliti ni yule aliyekiingiza chama katika ushirika huo na sasa hataki kutoka.

Katika mabishano ya aina hii, hasa mjini Kisumu na vitongoji vyake, haipiti saa kabla ya mtu kumtaja Luanda Magere. Akishatajwa, mjadala huwa umekwisha. Wasikilizaji hutikisa vichwa kana kwamba hukumu imesomwa. Mimi nashuku kwamba hukumu hiyo husomwa kutoka faili ya kesi nyingine.

Kwa faida ya waliosomea mbali na hapa, kisa chenyewe ni hiki. Luanda Magere alikuwa shujaa wa Waluo wa Kano, katika ukoo wa Sidho. Mwili wake ulikuwa jiwe: mikuki na mishale ya Walang'o, jina ambalo Waluo huwaitia Wanandi na jamaa zao, ilimgonga ikaanguka. Waliposhindwa vitani, Walang'o wakaja na maneno ya amani, wakamtolea binti mzuri awe mkewe. Wazee wa Kano walimwonya asimwoe, akamwoa. Siku moja akaugua. Mke mkubwa hakuwapo, basi yule mke mdogo akaombwa amchanje chale ampake dawa. Kisu kikakataa kuingia. Ndipo Magere alipomwambia akichanje kivuli chake. Akakichanja, damu ikatoka, dawa ikapakwa. Usiku mwanamke akatorokea kwao na siri ile. Vita vilipozuka tena, mkuki ukakichoma kivuli, shujaa akaanguka na kugeuka mwamba. Mwamba huo ungali katika uwanda wa Kano, si mbali na mto Nyando, na watu waliamini kwamba mkuki ulionolewa juu yake haukosi windo.

Okoiti Omtatah, ambaye leo ni Seneta wa Busia, alikiandikia kisa hiki tamthilia iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1991, na katika shule nyingi za eneo hili mtoto hukisikia kabla hajajua kusoma. Lakini tunapokifundisha tunamwachia mtoto funzo gani? Aghalabu tunamwambia: tazama matokeo ya kumwamini mgeni, tazama matokeo ya kumwambia mwanamke siri. Kisha kengele inalia na mwalimu wa hesabu anaingia.

Sisi tunaofundisha lugha hatuna budi kuanza na lugha yenyewe. Kitenzi saliti hakisimami peke yake. Kinataka kuwepo kwanza uaminifu, kisha uvunjwe. Mtu humsaliti ndugu yake, rafiki yake, chama chake au nchi yake. Hamsaliti adui yake. Mtu anayeingia kambi ya adui akatoka na siri ana jina jingine, naye ni mpelelezi. Na huyo, akirudi salama kwao, hupokewa kwa vigelegele. Kwa hivyo, kabla ya kumwita mke wa Magere msaliti, tuulize alikuwa na deni la uaminifu kwa nani.

Sikilizeni tunavyomsimulia. Mwanzoni alitolewa, akapelekwa, akaozwa. Vitenzi vyote ni vya kutendwa, na yeye ni yambwa tupu. Hatuambiwi kama aliulizwa. Hata jina hatupewi. Katika masimulizi niliyoyazoea ni nyar Lang'o tu, yaani binti wa Walang'o. Anapata kuwa kiima, mtenda hasa, pale anaposhika kisu, na tangu hapo sentensi zote ni zake: alichanja, aliona, alitoroka, alisema. Yaani tunamkabidhi kitenzi siku ile tu tunapotaka kumlaumu.

Nitajibiwa kwamba alikuwa mke, na ndoa ni ahadi. Ni kweli, na sitaki kulipuuza jambo hilo: alikula na mtu, akalala naye, akaja kumponza. Hapo pana uvunjaji wa imani. Lakini ndoa hii ilifungwa na wazee wa pande mbili ambao hawakuwa wameacha vita mioyoni. Waliotaka amani na waliotumia jina la amani kuficha mkuki ndio wa kuulizwa kwanza. Vilevile kuna jambo ambalo huwa tunalipita mbio: chale zile zilimponya. Magere aliyekuwa kitandani aliinuka akaenda vitani. Mkono uliogundua siri ndio uliompa uzima, na sijawahi kuona swali la mtihani lililoligusa hilo.

Tupande sasa mteremko, kwa kuwa mtu aliyesimama Kano huiona milima ya Nandi kwa macho yake. Huko juu pia wanacho kisa cha kiongozi aliyeuawa kwa hila, nacho kina tarehe. Reli ya Waingereza ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Wanandi waliipinga kwa takriban miaka 10, wakiongozwa na Orkoiyot wao, Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa katika mkutano wa mapatano na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen, akapigwa risasi hapo hapo pamoja na wenziwe. Masimulizi ya Wanandi yanasema alikuwa amenyosha mkono wa salamu. Meinertzhagen alidai kwamba Koitalel ndiye aliyekuwa amemtegea mtego. Wakubwa wake wakachunguza, wakamtakasa, kisha wakamwondoa nchini mwaka 1906. Fimbo za uongozi alizozichukua kutoka kwa marehemu hazikurudi Kenya hadi mwaka 2006, zilipoletwa na mwanawe.

Kwa hiyo wale ambao katika hadithi ya bondeni ni wenye hila, katika historia ya mlimani ni waliofanyiwa hila. Na reli iliyosababisha maafa yale ndiyo iliyoujenga mji wetu wa Kisumu.

Lakini kisa cha Wanandi hakianzi na Meinertzhagen. Baba yake Koitalel, Kimnyole arap Turukat, ambaye inasimuliwa kwamba alitabiri nyoka wa chuma atakayetema moshi, aliuawa mwaka 1890. Hakuuawa na Mzungu wala na Mluo. Aliuawa na Wanandi wenyewe, wakimtuhumu kwamba ndiye aliyewaletea maafa. Waliomfuata ndio waliompiga marungu. Kama tunatafuta mahali ambapo neno usaliti linaweza kujadiliwa kwa dhati, ni hapa, kwa kuwa uaminifu ulikuwapo. Hata hivyo wauaji wake wangesema kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuwasaliti. Wanaobishana leo juu ya chama wanalijua vizuri jibu la namna hiyo.

Ng'ambo ya Ziwa mambo yalikwenda mbio zaidi. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu wa ikulu ya Buganda waliungana wakamwondoa Kabaka Mwanga. Haukupita muda Waislamu wakawafukuza Wakristo waliokuwa washirika wao, nao Wakristo, wakiwa uhamishoni, wakaungana na Mwanga yule yule waliyemwondoa, wakamrudisha kitini. Mwanafunzi atakayetakiwa kuorodhesha wasaliti wa mwaka ule atajaza ukurasa na bado atakuwa hajaeleza kitu.

Fasihi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili kwa makini kuliko majukwaa yetu. Katika masimulizi ya pwani, Fumo Liyongo hakuuawa na mgeni. Aliuawa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme, kwa sindano ya shaba kitovuni. Naye, kama Magere, alikuwa ameifichua siri ya kifo chake kwa mtu wa nyumbani. Kithaka wa Mberia aliufuata mkondo huo katika Kifo Kisimani, tamthilia ambayo shule zetu za upili ziliisoma kwa miaka kadhaa, na ninavyokumbuka hakuna mwanafunzi aliyetoka darasani akisema kwamba funzo ni kutowaamini watoto wa kiume. Anapotenda mtoto wa ukoo tunasema tamaa. Anapotenda mwanamke wa kabila jingine tunasema ndivyo walivyo.

Shaaban Robert alikwenda mbali zaidi katika Adili na Nduguze, hadithi ya majini na nyani iliyotoka mwaka 1952. Nduguze Adili, Hasidi na Mwivu, walimtosa baharini kwa wivu, wakageuzwa nyani kwa kosa hilo. Majina yao yenyewe ni hukumu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni udhaifu wa mwandishi mkubwa. Hata hivyo hakuwaacha wafe katika unyani wao. Aliwarudishia ubinadamu na kuwapa nafasi ya kutubu. Hadithi yetu ya Ziwa haina nafasi hiyo. Magere ni jiwe, na mwanamke ametoweka gizani.

Sisemi kwamba watu wa Kisumu hawana sababu ya kukipenda kisa cha usaliti. Wanayo, na ni nzito. Jaramogi Oginga Odinga alimtetea Jomo Kenyatta mwaka 1958, wakati ambapo kumtaja tu mfungwa yule katika baraza la kutunga sheria kulionekana ni uhaini. Miaka minane baadaye alilazimika kujiuzulu umakamu wa rais na kuanzisha chama cha KPU. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa Nairobi kwa risasi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya wakati ule, wakarushiana maneno makali na Jaramogi hadharani, na walinzi wakaufyatulia umati risasi. Watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. KPU kikapigwa marufuku, Jaramogi akatiwa kizuizini. Haya yalitendwa na watu waliokuwa wamekula kiapo kimoja cha uhuru. Huo ni usaliti kwa maana kamili ya neno, wala hakuna nyar Lang'o ndani yake.

Ndiyo maana matumizi ya sasa yananitia wasiwasi. Wanasiasa wetu huziita ndoa kila aina ya mapatano ya vyama, na sitiari hiyo si ya bure. Ukisema ndoa, na mshirika wako akiwa Mkalenjin, msikilizaji wa Kano amekwisha kukimbilia kwenye kisu na kivuli kabla hujamaliza sentensi. Raila na Ruto waliwahi kuwa pamoja katika ODM mwaka 2007, wakatengana, wakapambana, wakaja kupatana tena. Mwendo huo unaweza kupimwa kwa hesabu: nani aliahidi nini, kwa maandishi gani, na nini kimetekelezwa. Ukipimwa kwa kisa cha Magere hautapimika, kwa kuwa jibu lilikwisha kutolewa na marehemu wazee wetu.

Na hasara haibaki kwenye majukwaa. Sondu ni soko la mpakani mwa Kisumu na Kericho, ambako Waluo na Wakipsigis huuziana bidhaa. Mwaka 2023 watu waliuana huko na wengine wakahama makwao. Sidai kwamba hadithi ilishika upinde. Lakini kijana aliyefundishwa tangu darasa la tatu kwamba jirani akikuletea amani amekuletea kisu, atahitaji sababu ndogo sana.

Mwalimu wa Ahero, Muhoroni au Nandi Hills anaweza kujaribu swali moja. Mwambie mwanafunzi: wewe ni yule mwanamke, umefika kwenu alfajiri, miguu imechanika, na mama yako amekufungulia mlango. Andika mazungumzo yenu, bila kutumia neno msaliti. Mimi nililitoa kwa wanafunzi wangu. Wengi waliandika juu ya zawadi na shangwe za askari. Mmoja, kijana wa Kano, aliandika kwamba mama alimpa maji ya kunywa, akakaa kimya kitambo, kisha akamwuliza kama mumewe amepata nafuu.