Mgeni wa Voi Aulize Siku Kwanza

Wageni wengi waendao Voi huuliza kwanza mahali pa kulala, kisha simba wa Tsavo. Mimi naona heri waulize siku. Atakaye kuwaona ndovu wamekusanyika penye maji na aje wakati wa kiangazi, Julai hadi Oktoba. Masika nyasi hurefuka na wanyama hutawanyika. Atakaye kuijua Taveta na afike Jumatano au Jumamosi, siku za soko, wachuuzi wa Kenya na wa Tanzania wakutanapo. Na ajaye tarehe 12 Februari asikose kilima cha Salaita, ambako mwaka wa 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalitimuliwa na ya Wajerumani.

Lakini mgeni atayajuaje hayo? Tangu 2017 garimoshi la reli mpya husimama Voi, na wengi washukao hupelekwa mbugani moja kwa moja. Muuza ndizi wa Taveta hawaoni. Yafaa kalenda ya masoko na kumbukumbu zetu ibandikwe pale stesheni kila mwanzo wa mwaka.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ataponaje kwa mgeni asiyeijua siku?