Mzigo wa ushuru na pesa za wazee

Okiya Omtatah alizoeleka katika kumbi za mahakama muda mrefu kabla ya wapigakura wa Busia, Kenya, kumchagua kuwa seneta mwaka 2022, na useneta haukumtoa huko. Mwaka 2023, yeye na wenzake walikwenda Mahakama Kuu kupinga Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Ndiyo iliyopandisha ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, ikaleta pia ada ya nyumba: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na kiasi kama hicho kutoka kwa mwajiri.

Novemba 28, majaji watatu waliiharamisha ada hiyo. Walisema kuwakata walioajiriwa rasmi peke yao, huku wengine wenye kipato wakiachwa bila sababu ya msingi, ni ubaguzi.

Serikali ilirudi Machi 2024 na sheria mpya, ada ikamfikia kila mwenye kipato. Mama mboga na fundi wa jua kali nao wakaingizwa. Ubaguzi ule ukaondoka, ila kumkata kila mtu hakutoshi kuitwa haki. Hoja hiyo ndiyo ilistahili kufuata, lakini ilimezwa na rufaa: Mahakama ya Rufaa iliitupa Sheria yote ya Fedha ya 2023 Julai 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha Oktoba.

Hoja hiyohiyo ya haki iko kwenye makato mengine. Tazama ya bima ya afya, SHIF, yaliyoanza mwezi huohuo wa Oktoba kwa kiwango cha asilimia 2.75. Kwa upande mmoja ni hatua njema, na isemwe wazi. Chini ya NHIF, bima ya afya iliyotangulia, mwenye mshahara wa shilingi 500,000 alilipa 1,700 tu kwa mwezi. Sasa analipa 13,750. Anayepata 30,000 alikuwa akilipa 900, sasa 825. Hapo mzigo umesogea kuelekea mabega yanayouweza.

Upande wa pili unauma. Sheria imeweka kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Kibarua anayepata 5,000 kwa mwezi anatoa asilimia 6 ya kipato chake, zaidi ya maradufu ya kiwango anachokatwa bosi wake. Katiba, katika Kifungu cha 201, inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kwa kibarua huyu haujagawanywa hivyo.

Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Utekelezaji wake mkubwa ni mpango wa Inua Jamii: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Ni kiasi kidogo, na hata hicho hucheleweshwa mara kwa mara. Ushuru wa mzee yuleyule, kwa upande wake, hauchelewi hata siku moja. Akinunua sabuni, VAT iko ndani ya bei. Akipanda matatu kwenda hospitali, VAT ya mafuta iko ndani ya nauli.

Vijana waliojaza barabara Juni 2024 waliielewa hesabu hii bila kufundishwa. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya kura, lakini hasira haikupoa. Juni 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, Rais William Ruto alikataa kuutia saini mswada wote.

Omtatah amefanya sehemu yake mahakamani. Kazi iliyobaki ni ya wabunge, na haihitaji jaji. Watakapoketi kujadili Mswada wa Fedha ujao, wamwondolee mwenye kipato kidogo kima cha shilingi 300, na waitake Hazina ya Kitaifa itoe pesa za Inua Jamii kila mwezi kwa tarehe inayojulikana, kama inavyolipa mishahara yao.