Somo la Kiwewe na Waliomo Darasani

Vijana wetu wanaosomea ualimu hufundishwa saikolojia, na katika somo hilo hufika mlango wa kiwewe, yaani jeraha linalobaki nafsini baada ya ajali, vita au ukatili. Vitabu hupenda mfano wa askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Sisi wa Mara hatuna haja ya kwenda mbali hivyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kuwa asilimia 32 ya wanawake wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Basi katika darasa la chuo, Bunda au Musoma, yamkini yumo binti aliyekeketwa, na mwenzake aliyewahi kukimbilia nyumba salama wilayani Butiama. Yamkini yumo pia aliyefiwa katika kivuko cha MV Nyerere, kilichozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Mkufunzi anayesema "waathirika hao" kana kwamba wako nje ya ukuta, hajui anazungumza na nani.

Wapo wanaotaka mlango huo urukwe. Hatukubaliani nao. Mwalimu huyu kesho atapangiwa shule ya kijijini, akutane na mtoto anayesinzia darasani kwa kuwa usiku halali kwa hofu, asipojua, atamchapa.

Wengine hutosheka na kutangaza kuwa somo la leo ni zito. Tafiti za nchi za nje zimeonesha kuwa onyo tupu halipunguzi uchungu. Ratiba na ijulikane wiki moja kabla, picha za damu ziachwe, na mwanachuo asitakiwe kusimulia yaliyomfika wala kupewa alama kwa kuyaandika. Anayetaka kutoka atoke bila kuhojiwa, naye ajue mnasihi anapatikana wapi (kama yupo, na hilo wazazi waliulize). Waambiwe pia kwamba wengi waliopitia makubwa hutengemaa bila kuugua.

Misikitini nako tumezoea kumhimiza mwenye huzuni asubiri, akadhani machozi ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, aliyeitaja subira njema, ndiye aliyehuzunika hadi macho yake yakapofuka.

Binti akirudi likizo ya Disemba, asihojiwe mbele ya wageni kuhusu aliyosoma. Akianza mwenyewe, mama aache sufuria, aketi amsikilize.