Mashujaa wa kike wa vibonzo: Nguvu wanazo, hadithi si zao

Na Mwandishi Wetu

OKTOBA 21, 2016, katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York, Marekani, ilifanyika hafla isiyo ya kawaida. Aliyekabidhiwa wadhifa wa balozi wa heshima wa kuwawezesha wanawake na wasichana hakuwa binadamu, bali Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni vya kampuni ya DC. Hafla ikiendelea, baadhi ya watumishi wa umoja huo waliligeuzia jukwaa mgongo, kimya kimya.

Malalamiko yao, yaliyoungwa mkono kwa maelfu ya saini, yalikuwa bayana. Walisema mwanamke wa kuchorwa, mwenye umbo ambalo binadamu wa kawaida hawezi kulipata na vazi linalositiri sehemu ndogo tu ya mwili, hafai kuwa kielelezo cha msichana anayedai heshima. Aidha, siku chache kabla ya hapo, António Guterres alikuwa ameteuliwa kuwa Katibu Mkuu, katika kinyang'anyiro ambacho wanawake saba walijitokeza na kukosa. Kabla ya mwaka huo kumalizika, ubalozi wa Wonder Woman ulikuwa umefikia ukomo.

Waliomtetea nao walikuwa na hoja. Walikumbusha kuwa mhusika huyo alibuniwa ili awe ishara ya amani, haki na usawa. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli wake, na hapo ndipo kilipo kitendawili.

Mjadala ule ulijikita zaidi katika vazi. Hata hivyo, historia ya vitabu vya mashujaa wenye nguvu za ajabu, vilivyoshamiri baada ya Superman kujitokeza mwaka 1938, inaonyesha kwamba vazi ni dalili tu. Ugonjwa wenyewe umejificha katika swali jingine: hadithi inayosimuliwa ni ya nani?

Shujaa aliyefanywa katibu muhtasi

Wonder Woman alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1941. Mbunifu wake, William Moulton Marston, alikuwa mwanasaikolojia aliyeamini kwamba ipo siku wanawake wataiongoza dunia. Alimpa mhusika wake nguvu za kushindana na mwanamume yeyote. Lakini mwaka 1942, mashujaa wa kundi la Justice Society walipomkaribisha miongoni mwao, kazi aliyopewa ilikuwa ya katibu muhtasi. Wanaume walipokwenda kupambana, mara nyingi yeye alibaki nyuma.

Yaliyotokea nje ya kurasa hayakuwa tofauti sana. Joye Hummel, mwanamke kijana aliyeajiriwa na Marston mwaka 1944, aliandika makumi ya hadithi za Wonder Woman, lakini zilichapishwa kwa jina la kalamu la mwajiri wake. Heshima rasmi ya kazi hiyo, Tuzo ya Bill Finger, aliipata mwaka 2018 akiwa bibi kizee.

Marston alifariki dunia mwaka 1947, na kadiri miaka ilivyopita hadithi za mhusika wake zilizidi kuegemea mambo ya mapenzi na ndoa. Mwaka 1968 alivuliwa nguvu zake zote, akafungua duka la nguo na kuwa mwanafunzi wa mwalimu mwanamume. Ilichukua hadi mwaka 1973 kurejeshewa nguvu hizo, baada ya jarida la watetezi wa haki za wanawake la Ms., ambalo Gloria Steinem alikuwa miongoni mwa waasisi wake, kumweka kwenye jalada lake mwaka 1972. Alichopewa kwa mkono wa kulia kilikuwa kimechukuliwa kwa mkono wa kushoto.

Maiti ndani ya friji

Mwaka 1994, katika toleo la 54 la Green Lantern, shujaa Kyle Rayner alirudi nyumbani na kukuta mchumba wake, Alexandra DeWitt, ameuawa na adui na maiti yake kusokomezwa ndani ya friji. Kifo hicho kilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kumtia shujaa uchungu na hasira.

Mwaka 1999, Gail Simone, ambaye wakati huo alikuwa msomaji tu, aliorodhesha wahusika wa kike waliouawa, waliobakwa, waliolemazwa au waliopokonywa nguvu zao. Orodha ilikuwa ndefu kiasi cha kuwashtua hata waandishi wenyewe, na jina aliloipa, la wanawake ndani ya friji, limekuwa msemo wa kawaida katika uchambuzi wa fasihi hiyo.

Miongoni mwa waliotajwa alikuwamo Barbara Gordon, yaani Batgirl, ambaye mwaka 1988, katika kitabu The Killing Joke cha Alan Moore na mchoraji Brian Bolland, alipigwa risasi na Joker akapooza miguu. Shambulio hilo lililenga kumvunja moyo baba yake. Maumivu yalikuwa ya binti, lakini hadithi ilikuwa ya wanaume watatu: baba, Joker na Batman.

Wapo wanaodai kuwa hoja hii imetiwa chumvi, kwa kuwa mashujaa wa kiume nao huuawa na huchorwa na misuli isiyo ya kibinadamu. Ni kweli kwamba Superman aliuawa mwaka 1992. Lakini kifo chake kilikuwa kilele cha hadithi yake mwenyewe, dunia nzima ya vitabu hivyo ikamwomboleza, na mwaka uliofuata akarudi. Ama kuhusu misuli, mwanamume huchorwa vile ambavyo msomaji wa kiume angependa awe, ilhali mwanamke huchorwa vile ambavyo msomaji huyo huyo angependa kumtazama. Mwaka 2012 wachoraji kadhaa walilithibitisha hilo kwa kumchora shujaa Hawkeye akiwa ameupinda mgongo na kubinua makalio kama wanavyochorwa wenzake wa kike. Kicheko kilichofuata kilikuwa jibu tosha.

Binti wa Kenya

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, suala hili lina sura ya karibu zaidi. Mwaka 1975 kampuni ya Marvel ilimtambulisha Storm, mwanamke mwenye uwezo wa kuamuru mvua na radi, ambaye mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo, neno ambalo masikioni mwa Mswahili lina maana ya ulaini. Katika kurasa zake za kwanza yuko Kenya, karibu uchi, akiabudiwa na wanakijiji wanaomsihi alete mvua. Hapo dhana mbili potofu zilikutana katika mwili mmoja: ile ya mwanamke kama pambo na ile ya Mwafrika asiyejua lolote ila matambiko.

Storm hakubaki hapo. Chini ya mwandishi Chris Claremont alikuja kuwa kiongozi wa kundi la X-Men, na mwaka 1986, akiwa amepoteza nguvu zake zote, alimshinda Cyclops katika pambano la kuwania uongozi huo.

Pamoja na hayo, hesabu haidanganyi. Wolverine alijiunga na X-Men katika toleo lile lile la mwaka 1975. Yeye alipata mfululizo wake wa kudumu mwaka 1988, baada ya miaka 13. Storm alisubiri hadi mwaka 2014, yaani miaka 39, na mfululizo wake ukakoma baada ya matoleo 11. Mwingine ulianza mwaka 2024 kwa kalamu ya Mwafrika, Murewa Ayodele wa Nigeria.

Kalamu na soko

Wachapishaji wamekuwa wakijitetea kwa kigezo cha soko, kwamba wanunuzi wengi ni wanaume. Utetezi huo unasahau chanzo chake. Tangu miaka ya 1970 biashara hiyo ilianza kuhama kutoka vibanda vya magazeti, ambako kila mtu hupita, kwenda kwenye maduka maalumu ambayo wateja wake walikuwa zaidi wanaume. Soko lililojengwa kwa namna hiyo haliwezi kugeuzwa kuwa ushahidi kwamba wanawake hawapendi kusoma.

Mwaka 2014 Marvel ilianza kuchapisha mfululizo wa Kamala Khan, msichana Mwislamu wa asili ya Pakistan anayeishi Jersey City, aliyebuniwa kwa mchango mkubwa wa mhariri Sana Amanat na mwandishi G. Willow Wilson. Mavazi yake yana stara, na shida zake ni za nyumbani, shuleni na msikitini. Mwaka 2015 kitabu chake kilitwaa Tuzo ya Hugo. Filamu ya Wonder Woman ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Patty Jenkins, iliingiza zaidi ya dola milioni 800, na Captain Marvel ya mwaka 2019 ikavuka dola bilioni moja.

Filamu ya The Marvels ilipoanguka kimapato mwaka 2023, baadhi ya watu walihitimisha haraka kwamba watazamaji wamechoshwa na mashujaa wa kike. Mwaka huo huo The Flash nayo ilianguka, lakini ni vigumu kumpata aliyesema kuwa dunia imechoshwa na mashujaa wa kiume. Mwanamume akishindwa, hushindwa peke yake. Mwanamke akishindwa, hushindwa kwa niaba ya wenzake wote.

Hii haina maana kwamba mwanamume hawezi kuandika vyema habari za mwanamke. Katika vitabu vya Black Panther vilivyoanza mwaka 1998, Nakia ni mlinzi wa mfalme anayepotea kwa wivu wa mapenzi. Katika filamu ya mwaka 2018, iliyoandikwa na wanaume wawili, Ryan Coogler na Joe Robert Cole, Nakia aliyeigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o ni jasusi mwenye msimamo wake, ambaye mfalme mwenyewe anajifunza kwake. Udhalilishaji, basi, ni uamuzi, na uamuzi hubadilishwa.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika kurasa hizi wanawake walikuwapo tangu mwaka 1941, wakiruka angani na kuzuia risasi kwa bangili, na bado lao halikuwapo. Binti wa Nairobi au Dar es Salaam anayemtazama Storm akiita radi hana haja ya kuambiwa kuwa mwanamke ana nguvu, kwa sababu amemwona mama yake. Swali linalobaki kwa wachapishaji ni hili: lini nguvu hizo zitatumika katika hadithi iliyo yake?