Kosa la Kuchanganya Kamusi
Mtunzi wa Nshamba apangaye kwa LaTeX kijitabu cha mithali za Kihaya, pamoja na tafsiri ya Kiswahili na maelezo ya Kiingereza, huona kioo cha kompyuta kimejaa mistari myekundu. Omuntu ni kosa. Abantu ni kosa. Wapo wamshaurio auzime ukaguzi wa tahajia. Huko ni kumfukuza mlinzi kwa kuwa hawajui wenyeji.

Ushauri wa pili una sura ya hekima, na kwa hiyo una hatari zaidi: ati kamusi zote ziunganishwe, na neno lililomo katika mojawapo lipite. Vim na Hunspell hukubali mpango huo kwa amri moja. Lakini mpiga chapa akiandika kit badala ya kiti, au hat badala ya hata, nani atamshtaki? Kiingereza kitamtolea ushahidi kwamba hana hatia.

Kifurushi cha babel humwezesha mtunzi kutaja lugha ya kila kifungu. Alama hiyo na imwongoze mkaguzi abadili kamusi. Programu isiyoweza kuifuata, basi kila lugha iwe na faili lake, ikaguliwe peke yake. Amri za LaTeX nazo zirukwe: Hunspell hufanya hivyo ikipewa alama ya -t.

Na Kihaya? Hunspell iliundwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria, lugha irefushayo maneno kwa mwisho. Neno la Kibantu hurefuka mbele pia. Orodha tupu ya maneno haitatosha. Kanuni za viambishi zataka mtu ajuaye kwa nini omuntu huwa abantu, naye yuko Muleba, hayuko Budapest.