Mgeni Apewe Jembe: Funzo la Majumba ya Sinema ya Japani

Majuma machache yaliyopita, katika semina ya isimujamii ninayoifundisha, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alitamka kauli iliyowafurahisha wenzake. "Mwalimu," alisema, "Kiswahili ni lugha ya mtihani na ya vichekesho. Filamu kubwa ikisemwa kwa Kiswahili, nani ataiamini?" Darasa liliangua kicheko. Nami, nakiri kwa haya, nilicheka pamoja nao, kisha nikaendelea na somo kana kwamba hapakuwa na lililosemwa.

Kicheko hicho kimenikera tangu siku ile. Kinachonikera zaidi ni kwamba kijana huyohuyo, kabla ya kipindi kuanza, alikuwa akiwahadithia wenzake kwa shauku filamu ya katuni kutoka Japani aliyoitazama usiku kucha kwenye simu yake, na maneno mawili matatu ya Kijapani yalikuwa yakimponyoka katikati ya masimulizi. Lugha ya watu wa mbali ilikuwa imemwingia moyoni bila mwalimu wala mtihani. Lugha tuliyomfundisha tangu darasa la kwanza, kwa walimu na kwa mitihani, ilikuwa bado inabisha hodi. Kwa kuwa nilishindwa kumjibu siku ile, naomba nimjibu leo kupitia ukurasa huu, na nimjibu kwa kutumia Japani hiyohiyo aipendayo.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1982 filamu ya Kimarekani, E.T., iliingia katika majumba ya sinema ya Japani na kuweka rekodi ya mapato ambayo haikuvunjwa kwa takriban miaka 15. Aliyeivunja, mwaka 1997, ni Hayao Miyazaki kwa filamu yake ya katuni, Mononoke-hime, hadithi ya miungu ya msituni na binadamu wanaoukata msitu huo. Fahari ya wenyeji haikudumu. Desemba mwaka uo huo ikaja Titanic, nayo ikaipiku. Mwaka 2001 Miyazaki alirejea na Sen to Chihiro no Kamikakushi, ijulikanayo ng'ambo kama Spirited Away, ikakusanya zaidi ya yeni bilioni 30 na kukikalia kiti hicho kwa miaka 19. Ilipoondolewa kitini, Desemba 2020, haikuondolewa na mgeni bali na ndugu yake wa damu, filamu ya katuni ya Kimetsu no Yaiba inayosimulia mkasa ndani ya gari moshi. Hiyo ilivuka yeni bilioni 40. Filamu nyingine ya hadithi iyo hiyo, iliyotolewa Julai 2025, nayo imevuka bilioni 30.

Msomaji asidhani kuwa hizo ni bahati za filamu mbili tatu tu. Mwaka 2002 filamu za kigeni, nyingi zikiwa za Hollywood, zilichukua karibu robo tatu ya fedha zote walizolipa Wajapani milangoni mwa majumba ya sinema. Mwaka 2006 filamu za nyumbani ziliwapita wageni kwa mara ya kwanza baada ya miaka 21. Kufikia mwaka 2024 mizani ilikuwa imepinduka kabisa, na robo tatu ile ikawa ya wenyeji. Katika muda wa miaka ishirini na ushei, aliyekuwa mpangaji amekuwa mwenye nyumba.

Je, Wajapani huwachukia wageni? La hasha! Titanic ilivuna zaidi ya yeni bilioni 26 awamu yake ya kwanza. Filamu ya kwanza ya Harry Potter, iliyotolewa mwaka 2001, ilivuka bilioni 20. Frozen, iliyofika huko mwaka 2014, ilivuka bilioni 25. Wala hakuna leo nchini humo sheria inayoyalazimu majumba ya sinema kutenga siku maalumu kwa ajili ya filamu za nyumbani, kama ilivyo kwa jirani zao wa Korea Kusini. Mlango u wazi. Tofauti iko katika lile linalompata mgeni baada ya kuingia. Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wajapani humpa mgeni jembe, na jembe lenyewe ni lugha.

Desturi hiyo ni kongwe. Filamu zilipokuwa bubu, pembeni mwa kiwambo katika kila jumba la sinema la Japani alikuwapo msimulizi aliyeitwa benshi. Yeye ndiye aliyewasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake, akieleza mila za Paris na Chicago kwa Kijapani kinachoeleweka na fundi wa viatu. Watu wengi walilipa kiingilio kwa ajili ya jina la benshi kuliko jina la filamu. Filamu zenye sauti zilipoenea katika miaka ya 1930, kazi hiyo ilikufa, na miongoni mwa walioipoteza alikuwa Heigo, kaka yake mwongozaji mashuhuri Akira Kurosawa. Hata hivyo, lugha haikuachwa yatima. Mwaka 1931 filamu ya Kimarekani, Morocco, ilionyeshwa ikiwa na tafsiri ya Kijapani iliyoandikwa juu ya picha, na tangu hapo kazi ya kutafsiri maneno ya filamu ikawa taaluma yenye kanuni zake. Kanuni mojawapo yapasa kuwavutia wanafunzi wa isimu: mfasiri huhesabu takriban herufi nne kwa kila sekunde ya mazungumzo, kwa sababu jicho la mtazamaji haliwezi kusoma zaidi ya hapo bila kuikosa picha. Fikiria ugumu wa kuibana hotuba ya mfalme katika herufi kumi na mbili!

Mfano bora wa jembe hilo ni Frozen. Huko Japani haikuitwa kwa jina lake la Kiingereza. Iliitwa kwa Kijapani Anna na Malkia wa Theluji. Mhusika Elsa alipewa sauti ya Takako Matsu, mwigizaji na mwimbaji anayejulikana nchini kote. Ule wimbo wake uliovuma haukufasiriwa neno kwa neno. Kwa Kiingereza, kiini cha kibwagizo ni kuachilia jambo liende zake. Kwa Kijapani wafasiri walichagua kiini kingine, yaani mtu kuwa vile alivyo, na wakayapima maneno yao yaoane na mwendo wa midomo ya mhusika. Baadaye yaliandaliwa maonyesho maalumu ambapo watazamaji walialikwa kuimba pamoja na filamu, na watoto waliokuwa hawajui hata neno moja la Kiingereza waliuimba wimbo huo kama wa kwao. Na kwa hakika ulikuwa umekuwa wa kwao.

Kinyume chake ni Barbie. Mwaka 2023 filamu hiyo iliongoza ulimwengu mzima kwa mapato, lakini Japani iliambulia kidogo. Sababu zilikuwa kadhaa, na mojawapo ilikuwa mizaha iliyozagaa kwenye intaneti ikiiunganisha filamu hiyo na Oppenheimer, inayomhusu mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Akaunti ya filamu hiyo nchini Marekani ilishangilia mizaha hiyo, na kampuni yenyewe ikalazimika kuomba radhi. Picha ya wingu la bomu, ambalo kwa Mmarekani kijana ni kichekesho, kwa Mjapani ni Hiroshima na Nagasaki. Oppenheimer yenyewe haikuonyeshwa huko hadi Machi 2024. Hapa tunakumbushwa jambo tunalowafundisha wanafunzi kila mwaka, kwamba maana ya neno huishi katika kumbukumbu za wanaolitumia, na kwamba kuitafsiri lugha bila kuijua kumbukumbu hiyo ni kupanda mbegu juu ya mwamba.

Nimesema juu ya wageni. Wenyeji je, walishindaje? Hapa ndipo penye funzo kubwa kwa mwalimu. Filamu ya Kimetsu no Yaiba haikuzaliwa katika jumba la sinema. Ilianza mwaka 2016 kama manga, yaani hadithi ya picha, katika jarida la kila wiki la vijana liitwalo Shonen Jump. Mwaka 2019 ikawa mfululizo wa katuni za runinga. Ndipo mwaka 2020 ikaingia sinemani, na watu waliokwenda kuitazama walikuwa wameshaisoma. Aidha, majarida hayo huandika herufi ndogo za kutamkika kando ya herufi ngumu za asili ya Kichina, ili mtoto asiyezijua bado asikwame. Mtoto husoma kwa sababu anataka kujua shujaa wake atapona au la, na herufi ngumu anazokoga njiani huzichukua kama zawadi. Filamu za paka wa bluu, Doraemon, zimekuwa zikitolewa karibu kila mwaka tangu 1980, na zile za mpelelezi Conan tangu 1997. Aliyepelekwa kumwona Doraemon akiwa mtoto leo anampeleka mwanawe. Mtazamaji amelelewa kwa miaka arubaini, akilelewa kwa lugha yake.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kuwa Kimetsu no Yaiba ilishinda kwa sababu mwaka 2020 ugonjwa wa Korona uliwafanya Wamarekani waahirishe filamu zao, ikabaki na viwambo tele. Ni kweli. Lakini Korona ilikwisha, Wamarekani wakarudi, na kiti bado kimekaliwa na wenyeji. Watasema kuwa yeni ya leo si ya jana, kwamba tiketi imepanda bei, na kwamba kabla ya mwaka 2000 Wajapani walitangaza fungu la msambazaji badala ya jumla ya mapato. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana nimeegemea zaidi mgawo wa wenyeji na wageni kuliko tarakimu tupu. Watasema pia kuwa Japani ni taifa tajiri la watu zaidi ya milioni 120. Sikatai. Wala sisemi kuwa kila king'aacho huko ni dhahabu. Wachoraji wengi wa katuni hizo hulipwa ujira mdogo kwa kazi ya kuumiza macho na mgongo, na kijana wa Tokyo asiyetazama filamu ya kigeni hata moja kwa mwaka hupoteza dirisha la kuuona ulimwengu. Nyumba isiyopokea mgeni nayo hupatwa na ukungu.

Pamoja na hayo, hoja ya utajiri haitoshi. Fedha hununua viwambo, hainunui imani ya mtazamaji kwamba lugha yake yaweza kubeba huzuni, hofu na mapenzi. Imani hiyo hujengwa. Na hapa namrudia mwanafunzi wangu aliyeuliza ni nani ataiamini filamu iliyosemwa kwa Kiswahili.

Jibu liko katika vibanda vya video vya mitaani kwetu. Kwa miaka mingi, Kenya na Tanzania, wasimulizi wamekuwa wakizisemea filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili, wakimpa kila mhusika sauti yake, jina la utani na hata methali. Jirani zetu wa Uganda hufanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Wasimulizi hao hawajapata kusikia habari za benshi, lakini kazi ni ile ile. Na watu hulipa! Mwendesha bodaboda huketi juu ya benchi la mbao saa mbili nzima, naye huamini kila neno. Isitoshe, mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou ilionyeshwa katika runinga ya Tanzania ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na watazamaji wakaufuatilia ugomvi wa mama mkwe wa Kichina kana kwamba anaishi Tanga. Lugha iliweza. Aliyeshindwa ni sisi wasomi, tuliouona ustadi huo mitaani tukaudharau kwa sababu haukuvaa joho.

Nimeamua kuyatengeneza makosa yangu kwa kazi ya darasani. Muhula huu kila mwanafunzi wa semina yangu atachagua onyesho la dakika tatu kutoka filamu yoyote ya kigeni, alitafsiri kwa Kiswahili, ahesabu silabi, ayaoanishe maneno na midomo, kisha alisome kwa sauti mbele ya wenzake bila kumchekesha mtu. Naomba walimu wenzangu wa shule za upili walijaribu zoezi hilo katika kidato cha pili au cha tatu. Halihitaji fedha za wizara. Linahitaji simu moja, kalamu, na mwalimu asiyecheka pasipofaa. Wale wenye vipaji vya uchoraji nao waruhusiwe kuleta hadithi za picha kama insha, zenye Kiswahili sanifu na shujaa ambaye darasa zima litataka kujua hatima yake.

Kijana yule amechagua onyesho la kuagana kutoka filamu yake ya Kijapani. Juzi alikuja ofisini kwangu akiwa na daftari lililojaa mikato. Alikuwa amekwama kwenye sentensi moja ya mama anayemuaga mwanawe, akitafuta neno la Kiswahili lililo fupi kama lile la Kijapani na zito kama lile. Tulikaa nalo karibu saa nzima. Hakuna aliyecheka.