Pedi mpya, diski kuukuu: ubishi wa gereji za Tabora

Wadau, leo naomba niiache siasa kidogo tuzungumzie chuma. Ukikaa gereji yoyote hapa Tabora kwa nusu saa tu, lazima utausikia ubishi huu. Gari limeingia, pedi za breki za mbele zimekwisha, zinalia kama panya aliyebanwa na mlango. Fundi anafungua tairi, anachungulia, kisha linakuja swali: tubadilishe pedi peke yake au na diski zake?

Hapo watu hugawanyika makundi matatu. Kuna kundi la "pedi tu", hawa diski wanaiona kama Kilimanjaro, ipo na itakuwepo. Kuna kundi la "badilisha vyote", wengi wao wamewahi kuishi Dar au ughaibuni, na wenye maduka ya spea wanawapenda kweli kweli. Halafu kuna kundi la "ichonge", yaani diski ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuchonga vyuma, isawazishwe, irudishwe kwenye gari. Kila kundi lina ushahidi wake, na cha kuchekesha ni kwamba ushahidi wenyewe ni ule ule: "Mimi miaka yote nafanya hivyo na sijawahi kupata ajali."

Msimamo wangu ni kwamba makundi yote matatu yanaamua kabla ya kupima. Na kwa barabara tulizonazo sasa, kuamua bila kupima ni kamari, tena ambayo mara nyingi dau lake ni roho za abiria.

Kwa wale ambao gari kwao ni kiti na redio, nieleze kidogo. Diski ni ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi. Pedi ni vipande viwili vinavyoibana sahani hiyo ukikanyaga breki. Pedi imetengenezwa iishe haraka, diski iishe taratibu. Lakini inaisha! Kila pedi inapokwisha huondoka na unene kidogo wa diski. Na hiyo sahani, zaidi ya kubanwa, ina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui: kubeba joto. Mwendo wa gari hauyeyuki hewani ukikanyaga breki. Unageuka kuwa joto, na joto hilo linaingia kwenye diski kwanza kabla ya kupeperushwa na upepo. Diski nene inabeba joto jingi bila kuzidiwa. Ikishakuwa nyembamba inapata moto upesi, inaweza kupasuka, na pedi zilizopata moto kupita kiasi zinaanza kuteleza badala ya kushika. Wakati huo wewe unakanyaga na gari linaendelea na safari zake.

Sasa mambo ya Tabora yanaingia hapa. Mji huu umezaliwa na safari. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali, ndipo ikafika Unyanyembe. Burton na Speke walifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, Novemba 1857. Karibu kila msafara ulitua hapa kwa wiki kadhaa kabla ya kuendelea Ujiji au kwenda kaskazini. Wapagazi wa pwani waliachishwa, wengine wakaajiriwa, mizigo ikafunguliwa na kufungwa upya. Kwa lugha ya leo, Tabora ilikuwa gereji ya njia nzima. Hakuna kiongozi wa msafara aliyeingia porini na mpagazi anayechechemea eti kwa sababu jana alitembea vizuri.

Njia ile ile leo ni lami. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, ndicho kilichokuwa kinatutesa zaidi tukienda Itigi na Manyoni, na kilizinduliwa rasmi mwaka 2022. Tumeshangilia wote, na mimi nikiwemo. Ila kuna hesabu moja ambayo gereji zetu hazijaipiga. Kwenye vumbi na makorongo, dereva mwenye akili alikwenda 60 kwa saa. Kwenye lami anakwenda 100 huku anaongea na simu. Mwendo haujafika hata mara mbili, lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza imekaribia mara tatu, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa mraba wa mwendo.

Halafu kuna vibao vyetu vipendwa vya 50. Gari la tani moja na nusu likitoka 100 kushuka hadi 50 kabla ya kuingia kijijini, robo tatu ya nguvu yake yote imegeuka joto ndani ya sekunde chache. Sehemu kubwa ya joto hilo iko kwenye breki, hasa za mbele. Ni joto la kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji. Kijiji kinachofuata, lita nyingine. Diski iliyokuwa "bado nzima" enzi za vumbi inapewa kazi nyingine kabisa, na mafundi wetu wengi bado wanaipima kwa macho ya enzi za vumbi.

"Lakini Tabora ni tambarare bwana!" Kweli, ukiendesha Kanyenye, Isevya na Ipuli maisha yako yote huenda diski zako zikakuzika. Tatizo ni kwamba magari ya Tabora hayakai Tabora. Ukirudi kutoka Singida kuja Igunga unakutana na Sekenke, na madereva wa njia ile hawahitaji kusimuliwa na mimi. Kila mita 100 gari la tani moja na nusu linaposhuka kuna nguvu ya kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji ambayo lazima iende mahali. Ukiweka gia ndogo, injini inachukua sehemu kubwa. Ukiteremka na gia kubwa huku mguu uko kwenye breki, zote zinaelekea kwenye ile sahani.

Sasa tupime vipi? Ajabu ni kwamba jibu limeandikwa kwenye diski yenyewe. Diski nyingi zina maandishi yaliyogongwa kwenye ukingo au kwenye kofia yake ya katikati: MIN TH, kisha namba, na pengine mm. Huo ndio unene wa chini kabisa. Ikifika hapo ni chuma chakavu, haina mjadala. Mara nyingi tofauti kati ya diski mpya na ya kutupa ni milimita 2 au 3 tu. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona hilo kwa kuchungulia, hata kama fundi ana uzoefu wa miaka 30. Kinatakiwa kile kipimo cha kubana ambacho mafundi wa mashine za kuchonga wanacho, na ipimwe pale pedi zinapopita, sehemu kadhaa kuzunguka sahani. Ukipima ukingoni utadanganyika, maana ukingo hauliwi na pedi.

Juzi juzi nilipeleka gari la mjomba gereji moja pale mjini kabla ya safari. Fundi ni mtu mzima, tukaamkiana vizuri, shikamoo, marahaba. Nikamwomba apime diski. Akacheka. "Kijana wangu, diski hizi zitakuja kutumiwa na wajukuu zako." Nikamwambia sawa mzee wangu, basi tuwapimie hao wajukuu. Akatuma dogo akaazime kipimo kwa jirani. Namba iliyogongwa ilikuwa 20. Diski ya kulia ikasoma 21.1, ya kushoto ikasoma 20.2. Zote zimefaulu, si ndiyo?

Mzee mwenyewe ndiye aliyenyamaza kwanza. Hiyo ya kushoto imebakiwa na nukta mbili za milimita, na tulikuwa tunataka kuifungia pedi mpya kabisa. Pedi hizo zitadumu maelfu ya kilomita, diski itavuka mstari mapema na hakuna atakayejua, kwa sababu tairi halitafunguliwa tena mpaka pedi zilie. Kwa hiyo swali la kujiuliza siku ya kubadilisha pedi ni hili: je, diski hii itabaki juu ya namba yake mpaka pedi hizi mpya ziishe? Kama jibu ni hapana, inabadilishwa leo, hata kama leo imefaulu.

Na kwa nini kushoto kuliwe zaidi ya kulia? Akachunguza akakuta pini za kalipa upande ule zimekauka, haziteleze, kwa hiyo pedi ya ndani ilikuwa inaisaga diski hata mguu ukiwa umetoka kwenye breki. Tungefunga pedi tupu tungekuwa tumetibu kikohozi tukaacha kifua. Diski zikabadilishwa zote mbili za mbele, maana hazibadilishwi moja moja, gari lisije likavuta upande mmoja siku ya dharura. Gari la mjomba mwingine lenye diski nene na laini lingeondoka na pedi tu, na ingekuwa sahihi kabisa. Ndiyo maana siwezi kujiunga na kundi la "badilisha vyote".

Kuhusu kuchonga nako tusidanganyane. Kuchonga kunasaidia diski yenye mifereji au inayotetemesha usukani ukikanyaga breki, ilimradi ina nyama ya kutosha. Mashine inakula milimita zile zile chache ulizonazo. Kama baada ya kuchongwa iko chini ya namba, umelipia kuharibu. Na kabla ya kuchonga, angalia kwanza kama kuna kutu pale diski inapokaa, na kama nati za tairi zimekazwa sawasawa. Mtetemo mwingine unatokea hapo, si kwenye diski.

Najua kuna mtu anasema mwandishi huyu ana hela za kuchezea. Hapana. Diski zinauma mfukoni kuliko pedi, nalijua hilo. Tena mpya ya bei chee isiyojulikana imetoka wapi inaweza kuwa mbaya kuliko ya zamani halisi iliyobakiwa na unene. Lakini kupima ni dakika kumi na karibu ni bure. Kinachonikera zaidi ni pale anayeamua siye anayepanda. Dereva wa Noah ya abiria anajua breki zake zimechoka, ila bosi anataka hesabu jioni. Bosi anasema "weka pedi tu, mwisho wa mwezi tutaona". Mama aliyekaa kiti cha nyuma na mtoto na kuku wake hakuulizwa. Ukiwa na gari lako peke yako cheza kamari unavyopenda. Ukishachukua nauli ya mtu, huna haki hiyo.

Na nchi hii imeshalipa gharama ya breki, tena kwenye njia hii hii. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, inafuata kwa sehemu kubwa nyayo za misafara. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa na watu zaidi ya 1,200 ilipata matatizo ya breki eneo la Msagali na Igandu, mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi mlimani na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Breki za treni si diski na pedi za Noah, mfumo ni tofauti. Lakini mlima ni ule ule, na haujali kama umechelewa kupeleka hesabu.

Kwa hiyo ukienda gereji, mwombe fundi wako vitu vitatu kabla hajafungua boksi la pedi. Asome namba iliyogongwa. Apime pande zote mbili, akuonyeshe. Aangalie kalipa zinateleza na mafuta ya breki yana umri gani, maana yanavuta maji na yakichemka kanyagio linazama. Na ukishafungiwa pedi mpya, usiondoke siku hiyo hiyo kuelekea Sekenke. Pedi mpya kwenye diski kuukuu inagusa kwenye vilele tu mwanzoni, haijashika vizuri. Zunguka kwanza mjini, punguza mwendo taratibu mara kumi hivi kutoka 60, ukiacha zipoe katikati.

Fundi akikasirika kwa kuombwa kipimo, tafuta fundi mwingine. Yule mzee wangu sasa hivi ananiambia anataka kununua kipimo chake mwenyewe, amechoka kuazima kwa jirani.

Naomba kutoa hoja.